Uchoraji kwa nuru

Uchoraji kwa nuru (pia: upigaji picha kwa tochi) ni mbinu ya upigaji picha ambayo kamera huachwa wazi gizani kwa sekunde au dakika kadhaa, huku mpiga picha akitumia tochi ya mkononi au taa nyingine ndogo kumulika vitu anavyotaka vionekane, au kuchora mistari hewani. Kitu kilichomulikwa huonekana katika picha; kisichomulikwa hubaki gizani.

Mbinu hii ni tofauti na matumizi ya flashi. Flashi hutoa mwanga mkali kwa sehemu ndogo sana ya sekunde na kwa kawaida hutoka upande wa kamera, hivyo vitu huonekana bapa. Tochi hutoa mwanga hafifu, lakini mpiga picha anaweza kutembea nayo, kumulika kutoka pembeni au nyuma, na kukaa muda mrefu mahali pamoja kuliko pengine.

Uchoraji kwa nuru huwezekana popote penye giza la kutosha. Makala hii inaueleza kwa mifano ya ufuo wa Ziwa Tanganyika katika Mkoa wa Kigoma, Tanzania, hasa Kigoma mjini, Ujiji na vijiji vya wavuvi vilivyo jirani. Katika ufuo huo wapo watu wengine wanaotumia nuru usiku kwa kazi, nao ni wavuvi wa dagaa. Mwezi unaoamua siku zao za kazi ndio pia unaoamua ni picha gani inawezekana usiku gani.

## Jina

Neno linalotumika katika lugha nyingi za Ulaya kwa upigaji picha linatokana na maneno mawili ya Kigiriki, yaani *phos* (nuru) na *graphe* (mchoro au maandishi). Kwa maana hiyo kila picha ya kamera ni mchoro wa nuru. Hata hivyo jina "uchoraji kwa nuru" hutumika hasa pale ambapo chanzo cha nuru chenyewe kinasogezwa kwa mkono wakati picha inapigwa.

Kifaa kinachotumika zaidi huitwa tochi au kurunzi.

## Historia

Mbinu hii ilianza katika maabara kabla ya kuingia katika sanaa. Mwaka 1889 Étienne-Jules Marey na Georges Demenÿ wa Ufaransa walifunga balbu ndogo kwenye viungo vya mtu, wakampiga picha akitembea gizani. Picha ilionyesha mistari ya nuru iliyofuata mwendo wa viungo vyake. Katika miaka ya 1910 Frank na Lillian Gilbreth wa Marekani walifunga taa ndogo mikononi mwa wafanyakazi ili kuchunguza mienendo yao na kupunguza ile isiyo ya lazima.

Tochi yenyewe ilikuwa kifaa kipya wakati huo. David Misell, mvumbuzi kutoka Uingereza aliyefanya kazi Marekani, alipata hataza ya tochi ya betri mwaka 1899.

Mwaka 1935 msanii Man Ray alijipiga picha akiwa anachora hewani kwa taa ndogo. Picha zilizojulikana zaidi ni zile za mwaka 1949, mpiga picha Gjon Mili alipomtembelea Pablo Picasso huko Vallauris, kusini mwa Ufaransa. Picasso alichora wanyama na watu hewani kwa taa ndogo ya umeme, na picha hizo zilichapishwa katika jarida la *Life*.

Mabadiliko makubwa ya karibuni yametokana na taa za LED. Uvumbuzi wa LED ya buluu yenye mwanga mkali mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliwezesha kutengeneza LED nyeupe, na wavumbuzi wake watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Leo tochi ndogo ya LED hutoa mwanga mwingi kwa betri kidogo, na karibu kila simu ina tochi yake. Kamera za kidijitali nazo humwezesha mpiga picha kuona matokeo papo hapo na kurudia.

## Jinsi inavyofanya kazi

### Muda wa aina mbili

Ndani ya kamera kuna pazia dogo liitwalo shata. Likifunguka, nuru huingia na kujikusanya kwenye kihisi (au filamu) hadi lifungwe. Katika uchoraji kwa nuru kuna muda wa aina mbili, na anayeanza hufaidika sana akivitofautisha:

* Muda wa shata huamua mwangaza wa vitu ambavyo tochi haivifikii: anga, nyota, mbalamwezi juu ya maji, taa za mji.
* Muda wa tochi huamua mwangaza wa kitu kinachomulikwa.

Tuseme shata imefunguliwa kwa sekunde 30, na mtumbwi uliopakiwa mchangani umemulikwa kwa sekunde 6 tu. Ikiwa anga imetoka vizuri lakini mtumbwi umeng'aa kupita kiasi, hakuna haja ya kubadili chochote kwenye kamera; mtumbwi umulikwe kwa sekunde 3. Ikiwa mtumbwi uko sawa lakini anga ni nyeusi mno, muda wa shata uongezwe na ule wa tochi ubaki uleule.

Ukubwa wa tundu la lenzi (f/2.8, f/4, f/8 na kadhalika) na wepesi wa kihisi (ISO) hugusa vyote viwili kwa pamoja. Tundu la f/4 hupitisha nuru mara nne ya tundu la f/8. ISO 800 huhitaji robo ya nuru inayohitajika kwa ISO 200, lakini picha huanza kuwa na chembechembe.

### Umbali

Mwanga wa tochi hupungua haraka kadiri umbali unavyoongezeka. Umbali ukiwa maradufu, mwanga unaofika hubaki takriban robo. Mwamba ulio mita 4 kutoka kwenye tochi ukihitaji sekunde 5, mwamba wa aina hiyo ulio mita 8 utahitaji sekunde 20. Kwa sababu hiyo mpiga picha humulika vitu vya mbali kwa muda mrefu, na vya karibu kwa kupitisha mwanga mara moja tu. Tochi zenye kioo kinachokusanya mwanga katika mshale mwembamba hupoteza nguvu polepole zaidi katika umbali mfupi, lakini kanuni hii inatosha kwa kuanzia.

### Kwa nini mwenye tochi haonekani

Mtu anayetembea mbele ya kamera iliyo wazi hatatokea katika picha iwapo amevaa nguo nyeusi, haachi kusogea na hajimuliki. Nuru inayotoka mwilini mwake ni ndogo mno kuacha alama. Akisimama mahali pamoja mbele ya anga yenye mwanga, kivuli chake huonekana. Akielekeza tochi kwenye lenzi, hata kwa bahati mbaya, doa jeupe hubaki.

### Rangi ya nuru

Rangi ya nuru hupimwa kwa kelvini. Balbu ya zamani ya waya hutoa nuru ya njano ya takriban kelvini 2,700, mbalamwezi huwa karibu kelvini 4,100, na tochi nyingi za LED nyeupe hutoa nuru yenye ubuluu ya takriban kelvini 6,000. Ubao wa mtumbwi ukimulikwa kwa LED nyeupe huonekana baridi na wa kijivu. Karatasi angavu ya njano ya kufungia peremende, au kipande cha chupa ya plastiki ya kahawia kikiwekwa mbele ya tochi, hurudisha rangi ya mbao.

## Vifaa

Mahitaji ya lazima ni machache:

* Kamera au simu janja inayoruhusu kuchagua muda wa shata. Simu nyingi zina sehemu ya mipangilio ya mkono inayofika sekunde 10 hadi 30.
* Stendi ya miguu mitatu. Ikikosekana, simu inaweza kuegemezwa kwenye jiwe, au kutulizwa juu ya mfuko uliojazwa mchanga.
* Tochi mbili: moja hafifu ya kumulikia vitu vya karibu, nyingine yenye nguvu ya vitu vya mbali. Bomba fupi la karatasi nyeusi kwenye mdomo wa tochi huzuia mwanga kutawanyika na kuingia kwenye lenzi.
* Saa ya kuhesabia sekunde, au kuhesabu kwa sauti.
* Kitambaa cheupe cha kuakisia mwanga.

Kamera huwekwa kujipiga yenyewe baada ya sekunde 2 au 10, ili mkono usiitikise. Lenzi haiwezi kulenga yenyewe gizani. Hivyo kitu humulikwa kwanza kwa tochi, lenzi hulengwa, kisha ulengaji wa kujiendesha huzimwa ili usibadilike.

## Mbinu za msingi

Kumulika kutoka pembeni. Mpiga picha husimama upande wa kitu, karibu pembe mraba na kamera, na kupitisha mwanga juu yake bila kusimama. Mwanga wa pembeni huonyesha umbile la vitu: mishono ya mtumbwi wa mbao, fundo za wavu, magome ya mwembe. Mwanga uleule ukitoka upande wa kamera huyafuta yote hayo.

Kumulika kutoka nyuma. Tochi hufichwa nyuma ya kitu na kuelekezwa upande wa kamera. Kitu hubaki cheusi lakini kingo zake hung'aa. Mbinu hii hufaa kwa nyavu zilizotundikwa na kwa watu waliosimama.

Kuakisi. Kwa sura ya mtu, mwanga wa moja kwa moja huwa mkali. Tochi huelekezwa kwenye kitambaa cheupe au ukuta uliopakwa chokaa, na mwanga unaorudi humwangukia mtu taratibu. Anayepigwa picha anapaswa kutulia kwa muda anaomulikwa tu. Tochi ikizimwa, gizani anaweza kupumua na kujisogeza kidogo bila kuharibu picha.

Kuandika hewani. Tochi huelekezwa kwenye kamera na kusogezwa kama kalamu. Mwandishi anayeitazama kamera huandika kwa namna ya kawaida, na katika picha maandishi hutoka yamegeuka kama kwenye kioo. Huweza kugeuzwa baadaye kwa programu ya picha. Tochi huzimwa au kufunikwa kwa kiganja kati ya herufi moja na nyingine.

Tufe la nuru. Tochi hufungwa kwenye kamba na kuzungushwa kwa duara, huku anayeizungusha akigeuka polepole mahali pamoja. Duara nyingi hujenga umbo la tufe. Baadhi ya wapiga picha huzungusha nyuzi za chuma za kusugulia masufuria zilizowashwa moto. Jambo hilo halifai kabisa kwenye ufuo wa wavuvi, kwa kuwa cheche huruka mita kadhaa na huweza kuchoma nyavu, nyasi za paa au mafuta ya injini.

## Ufuo wa Ziwa Tanganyika

### Mahali

Ziwa Tanganyika limegawanywa kati ya Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia. Ni ziwa refu kuliko yote ya maji baridi duniani, na la pili kwa kina baada ya Ziwa Baikal, likifika takriban mita 1,470. Kigoma na Ujiji ziko kwenye ufuo wa mashariki, karibu digrii 5 kusini mwa ikweta, hivyo mtu aliyesimama ufukweni hutazama magharibi, kuelekea milima ya Kongo.

Mahali hapo panaathiri picha za usiku kwa njia kadhaa:

* Kigoma iko magharibi sana mwa Tanzania. Jua huzama karibu saa 1 usiku, takriban dakika 40 baada ya Dar es Salaam.
* Karibu na ikweta giza huingia upesi. Mwanga wa kutosha kuona njia hudumu zaidi kidogo ya dakika 20 baada ya jua kuzama, na giza kamili hufika baada ya saa moja na robo hivi. Picha zenye anga ya buluu na tochi kwa pamoja hupigwa katika kipindi hicho kifupi.
* Upande wa magharibi nyota hushuka kuelekea majini karibu wima. Shata ikiwa wazi kwa nusu saa, kila nyota huacha mstari wa takriban digrii 7.
* Upande wa kusini nyota huzunguka nukta iliyo juu kidogo tu ya upeo wa macho.

Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, mawingu ni machache na kitovu cha Njia Nyeupe hupita juu sana angani katika miezi ya Juni hadi Agosti. Ni majira pia ya upepo wa kusini-mashariki unaotikisa stendi, na ya moshi wa mbuga zinazochomwa. Wakati wa masika anga husafika baada ya mvua, lakini usiku mwingi hupotea kwa mawingu.

### Taa za dagaa

Katika ziwa hili dagaa ni samaki wadogo wa spishi mbili, *Stolothrissa tanganicae* na *Limnothrissa miodon*. Huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga. Zamani wavuvi waliwasha kuni kwenye omo ya mtumbwi, wakawachota dagaa kwa wavu wa mpini uitwao lusenga. Katikati ya karne ya 20 karabai zilichukua nafasi ya moto wa kuni, zikafuatwa na nyavu kubwa zaidi zinazoinuliwa kati ya mitumbwi miwili iliyounganishwa. Siku hizi taa za LED za betri, nyingine zikichajiwa kwa nishati ya jua, zimeenea.

Usiku wa giza taa hizo huonekana kutoka ufukweni kama mji ulioko juu ya maji. Zikipigwa picha kwa sekunde 5 hadi 15 hutoka kama nukta zenye miale inayoshuka majini. Zikipigwa kwa dakika kadhaa, mawimbi na mkondo huzifanya kuwa mistari iliyopinda. Wavuvi wenyewe, bila kukusudia, huchora kwa nuru.

### Kalenda ya mwezi

Mwezi unapokuwa mpevu, mbalamwezi huenea ziwani kote na taa haziwakusanyi dagaa vizuri. Kwa kawaida wavuvi hupumzika siku kadhaa kabla na baada ya mwezi kumi na nne, wakitengeneza nyavu na mitumbwi. Mpangilio huu huugawa mwezi wa mpiga picha katika sehemu nne.

1. Mwezi mwandamo. Hilali huonekana juu ya ziwa upande wa magharibi na kuzama mapema. Baada ya hapo giza ni kamili, taa zimejaa ziwani na nyota ni nyingi. Vitu vya ufukweni havionekani bila tochi.
2. Nusu ya kwanza. Mwezi huwa juu jioni na huzama karibu na usiku wa manane. Saa za mwanzo mbalamwezi hujaza mandhari, baadaye taa na nyota hutawala.
3. Mwezi mpevu. Mwezi hutokea nyuma ya mji, upande wa mashariki, wakati jua linapozama, na hutua juu ya milima ya Kongo alfajiri. Ziwa huwa tupu, mitumbwi imepandishwa mchangani. Kwa anayetazama ziwani, mwezi wa jioni uko mgongoni mwake na mwanga wake ni bapa. Tochi ya pembeni hurudisha umbile la vitu.
4. Baada ya mwezi mpevu. Kila siku mwezi huchelewa kutoka kwa takriban dakika 50. Saa za giza za jioni huongezeka, na taa hurudi ziwani.

Kwa hiyo picha ya taa za dagaa na picha ya mtumbwi uliomulikwa mchangani kwa utulivu ni nadra kupatikana usiku mmoja. Mtumbwi ukiwa ufukweni, taa hazipo. Taa zikiwapo, mtumbwi uko kazini. Siku za mwezi mpevu ndizo pia ambazo mwenye mtumbwi ana nafasi ya kuzungumza, kukubali au kukataa, na kusimama kando ya chombo chake kwa ajili ya picha.

Taa zinaweza kukosekana kwa sababu nyingine pia. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi upande wa Tanzania wa ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Katika miezi hiyo usiku wa giza ulikuwa wa nyota peke yake.

### Mipangilio ya kuanzia

Namba zifuatazo ni za kuanzia tu. Kila mahali na kila tochi huhitaji kujaribu na kurekebisha.

| Mandhari | Tundu | ISO | Muda wa shata | Tochi |
|---|---|---|---|---|
| Mtumbwi na nyota, usiku wa giza | f/2.8 | 1600 | sekunde 20 | hafifu, sekunde 2–4 kutoka pembeni |
| Taa za wavuvi kutoka ufukweni | f/4 | 800 | sekunde 5–15 | haihitajiki |
| Mtumbwi katika mbalamwezi ya mwezi mpevu | f/4 | 400 | sekunde 15–30 | sekunde 5–10 kutoka pembeni |
| Mtu kwa mwanga wa kuakisi | f/4 | 800 | sekunde 10 | sekunde 3–5 |
| Maandishi hewani | f/8 | 200 | sekunde 20–30 | huelekezwa kwenye kamera |

Ili nyota zibaki nukta, wapiga picha wengi hugawa 500 kwa urefu wa fokasi ya lenzi: lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya kihisi kikubwa hutoa takriban sekunde 20. Zaidi ya hapo nyota huanza kuwa mistari.

### Maeneo

Kibirizi, kaskazini mwa Kigoma mjini, na Katonga, upande wa kusini, ni mialo mikubwa ya dagaa. Ujiji, mji wa kale wa biashara, una makumbusho mahali ambapo Henry Morton Stanley alikutana na David Livingstone mwaka 1871, yenye miembe inayohusishwa na mkutano huo. Kituo cha reli cha Kigoma ni jengo la enzi ya Wajerumani. Reli ya kati ilifika mjini mwaka 1914. Meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg nchini Ujerumani mwaka 1913 na kuunganishwa upya Kigoma, ina bandari yake hapo.

Makumbusho, kituo na bandari vina wasimamizi, na kuingia usiku na kamera kunahitaji ruhusa yao mapema. Bandari ni eneo la mpaka wa nchi, na mtu anayepatikana humo gizani na tochi atatakiwa kujieleza.

Katika Hifadhi ya Taifa ya Gombe, kaskazini mwa Kigoma, sokwe hujenga viota vipya kila jioni na kulala mitini. Kuwamulika kwa tochi si jambo linalofaa.

## Usalama na adabu

Kwa mpiga picha nuru ni burudani au sanaa, lakini kwa mvuvi ni chombo cha kazi, na gharama ya betri na mafuta hulipwa hata usiku asipopata kitu. Mambo yafuatayo huzingatiwa katika ufuo huu:

* Tochi kali haielekezwi kwenye vyombo vilivyo majini. Humpofusha nahodha kwa muda, na mwanga mwingine unaopita juu ya maji huweza kuwatawanya dagaa waliokusanyika kwenye taa.
* Tochi inayowashwa na kuzimwa kuelekea ziwani inaweza kueleweka kuwa ishara ya kuomba msaada. Anayetaka kuandika hewani hugeukia nchi kavu.
* Dagaa huanikwa mchangani na kwenye vichanja. Njia hukaguliwa mchana ili usiku mtu asikanyage mali ya wengine.
* Mtumbwi, wavu na nyumba vina wenyewe. Ruhusa huombwa kwa mwenye mali, na kwa uongozi wa mwalo panapokuwa na kundi la watu. Watoto hawapigwi picha bila idhini ya wazazi.
* Kuonyesha picha kwenye kioo cha kamera mara baada ya kuipiga, na kuituma kwa aliyepigwa, huondoa shaka nyingi.
* Kwenye miamba ya ufukweni huishi swila wa maji, nyoka mwenye sumu kali. Mkono hauingizwi katika nyufa za mawe gizani.
* Kina cha maji ya ziwa kilipanda mwishoni mwa miaka ya 2010 na mwanzoni mwa miaka ya 2020 na kufunika sehemu za ufuo. Kuta, mashina na vyuma vinaweza kuwa chini ya maji mahali palipokuwa pakavu.
* Ni vyema kwenda wawili au zaidi, mmoja akiwa mwenyeji, na kubakiza tochi moja yenye betri kamili kwa ajili ya kurudi.

## Tazama pia

* Upigaji picha
* Kamera
* Ziwa Tanganyika
* Dagaa
* Kigoma (mji)
* Ujiji